Shajara ya tanka la Osian: kuvuna maji kwenye mji wa jira

28 Machi 2023: Mahali na hesabu

Tunajenga tanka, yaani tangi la kuchimbiwa ardhini la kuvunia mvua, kwenye boma moja nje kidogo ya Osian. Huu ni mji mdogo wa wakulima, kilomita sitini na kitu kaskazini ya Jodhpur, ndani ya Jangwa la Thar, jimbo la Rajasthan nchini India. Wenye boma ni mzee, mama, mtoto wao wa kiume na mkewe, na wajukuu watatu. Mimi ni fundi wa maji kutoka Singida, niko hapa kujifunza kazi hii, na ninaandika ili wenzangu wa nyumbani wakitaka kuiga wasilipie tena hasara tulizokwisha kuzilipia sisi. Rupia moja kwa sasa ni kama shilingi 29 za Tanzania.

Wageni wanaijua Osian kwa mahekalu yake, mengine ya tangu karne ya 8. Hata Waoshwal, ile jamii ya watu wa asili ya Kihindi wa Nairobi na Mombasa, husimulia kwamba chimbuko la ukoo wao ni mji huu. Wiki hii ni Navratri, sikukuu ya Kihindu ya siku tisa, mahujaji wanapanda ngazi za hekalu la Sachiya Mata tangu alfajiri, na bei ya boza la maji la lita 5,000 imepanda hadi rupia 900. Lakini mahujaji huacha pesa ya chai, maua na chumba cha usiku mmoja. Mji unaishi kwa shamba. Msimu wa mvua, Julai hadi Septemba, watu hulima uwele, choroko, ufuta na guar, ile jamii ya kunde ambayo mbegu zake hutolewa gundi ya viwandani. Msimu wa baridi, wenye visima virefu hulima haradali na jira, yaani bizari nyembamba. Jira ndiyo pesa. Hupandwa Novemba, huvunwa Februari na Machi, kisha hupelekwa minadani Jodhpur, Merta, au mbali zaidi mpaka Unjha, Gujarat, ambako bei ya India nzima hupangwa.

Nilipomuuliza mzee kwa nini anataka tanka mwaka huu na si mwakani, hakuzungumzia kiu. Alisema, "Jira inapotoka shambani ndipo maji yanapokwisha. Dalali anajua. Ananingoja." Mwezi huu ameuza kuintali nne (kuintali moja ni kilo 100) kati ya sita alizovuna, kwa rupia 30,000 hivi kila kuintali. Sehemu imelipa deni la dalali, ambalo hukua kwa rupia mbili kwa mia kila mwezi, na sehemu imewekwa kwa ajili ya maboza ya Aprili mpaka mvua zianze. Maji ya bomba hutoka kwenye mfereji wa Indira Gandhi, na kila mwaka majira haya mfereji hufungwa kwa wiki kadhaa ili ukarabatiwe. Maji ya kisima kirefu yapo, ila yana chumvi na floraidi. Wazee wa hapa wana meno ya kahawia ambayo mtu wa Arusha ameyaona kwao.

Vipimo tulivyokubaliana: shimo la duara, kipenyo mita 3 na kina mita 3 baada ya ukuta kukamilika. Hizo ni lita 21,000 na kidogo. Ukubwa huu ni wa kawaida huku, na taasisi ya utafiti wa maeneo kame ya Jodhpur, CAZRI, imeupendekeza kwa miaka mingi. Watu saba wakitumia lita 10 kila mmoja kwa kunywa na kupikia ni lita 70 kwa siku. Tanka likijaa mwisho wa Septemba linawafikisha mwisho wa Julai, mradi ng'ombe na mbuzi waendelee kunywa maji ya kisima.

Uwanja wa kukingia mvua, ambao wenyeji huuita agor, ndio ulioleta mjadala. Fundi alitaka kipenyo cha mita 18, kama alivyozoea. Mwaka wa mvua ya milimita 300, uwanja wa udongo ulioshindiliwa ukipitisha theluthi yake hivi, hizo mita 18 zinatosha kulijaza. Lakini mwaka wa milimita 150 udongo hunywa sehemu kubwa zaidi, na tanka lisingefika hata nusu. Tumechora mita 24. Ardhi ya bure ipo. Kinachogharimu ni kuishindilia.

26 Aprili 2023: Shimo

Kuchimba kumekwisha, kwa kuchelewa. Tarehe 22 ilikuwa Akha Teej, siku ambayo nusu ya Rajasthan huoa na nusu nyingine hualikwa, na vibarua wawili wetu walitoweka kabla yake wakarudi baada yake. Anayepanga ratiba ya ujenzi huku aanze na kalenda ya arusi.

Mahali tulipochagua kwanza palikuwa karibu na mti wa khejri. Mzee akatuhamisha. Mti huo hulisha mbuzi kwa majani na watu kwa maganda yake, na huku haukatwi ovyo. Mwaka 1730, katika kijiji cha Khejarli upande wa pili wa Jodhpur, Wabishnoi 363, watu wa dhehebu la Kihindu linalolinda miti, waliuawa wakiikumbatia miti ya aina hiyo isikatwe. Sisi hatukutaka kukata hata mzizi. Miti ya mathenge iliyokuwa kwenye mpaka wa shamba, ndiyo, mathenge ile ile inayowasumbua watu wa Baringo, hiyo tuliikata bila kuulizwa.

Mita ya kwanza ni mchanga mtupu, na ukuta wa shimo ulibomoka mara tu ulipokauka. Tulijaribu kuuzuia kwa mbao. Mchanga ukapita katikati. Kilichofaa ni kuupanua mdomo wa shimo na kuulaza mteremko kwenye ile mita ya juu, kisha kuendelea wima kuanzia tabaka la mawe ya chokaa, ambako mtaimbo ulifanya kazi kuliko jembe. Chini yake ni moramu mwekundu mgumu. Moramu huo tumeutunza pembeni, maana ndio utakaotandikwa uwanjani.

Gharama mpaka sasa: rupia 9,000 za vibarua. Familia imechimba zaidi ya nusu bila malipo, na mkwe wa boma ndiye aliyetoa mchanga mwingi kuliko mwanamume yeyote.

17 Mei 2023: Ukuta, lipu, chumvi

Ukuta wa mawe na saruji ulipanda bila matatizo. Mawe ya mchanga ya Jodhpur ni mazuri na ya bei nafuu: rupia 9,000 pamoja na trekta la kuyaleta. Mchanga ulikuwa 3,500. Saruji, mifuko 34 kwa rupia 380.

Tatizo lilikuja na lipu. Makubaliano yalikuwa kutumia maji ya boza peke yake kuchanganyia. Siku ya sehemu ya chini boza lilichelewa, jua lilikuwa limepita nyuzi 43, na fundi akaazima mapipa ya maji ya kisima kwa jirani ili mchanganyiko usimfie mkononi. Wiki haikuisha, theluthi ya chini ya ukuta ikatoa unga mweupe. Ukiupangusa unarudi. Baadaye lipu ikaanza kuvimba na kulia tupu ukiigonga kwa mpini wa mwiko. Lipu ya juu, iliyochanganywa kwa maji matamu ya mfereji, haikuwa na doa.

Fundi alitaka kupiga niru, ule uji wa saruji wa kumalizia, juu yake ili kufunika. Tulikataa: chumvi iko ndani, itasukuma niru nayo. Tumeibandua lipu yote ya theluthi hiyo mpaka jiwe, tukasugua kwa brashi ya waya, tukasuuza kwa maji ya boza, tukapiga upya kwa uwiano wa saruji moja kwa mchanga tatu. Marekebisho hayo yamekula mifuko mitatu ya saruji, ujira na boza moja la ziada, jumla rupia 3,740. Kwa mwenye kuiga: onja maji ya kujengea. Yakiwa na ladha, usiyatumie.

Jambo la pili ni joto. Lipu ikikaushwa na upepo huu hupasuka kabla haijakomaa, kwa hiyo tumehamia kufanya kazi jioni na usiku kwa taa. Mchana ukuta unaning'inizwa magunia ya jute yaliyoloweshwa, na sakafuni tumeacha maji ya kiasi cha kiganja. Mama alipoona maboza matatu yakimwagwa kwenye saruji alinyamaza kwanza, kisha akaniambia, "Ndugu yangu, hili tangi linakunywa kabla halijaninywesha." Bado anamwambia kila mgeni maneno hayo.

5 Juni 2023: Paa na uwanja

Paa ni mabamba marefu ya mawe, yamelazwa juu ya mhimili mmoja wa jiwe, mianya ikazibwa kwa saruji. Rupia 11,000. Paa la kuba la matofali lingekuwa nafuu kidogo, ila mafundi wanaolijua ni wachache siku hizi.

Mdomo wa kuchotea ulileta ubishi mwingine, na mama akaushinda. Fundi alipendekeza mdomo mpana wa kuingilia ndoo kubwa, na kifuniko cha bati cha kuweka tu. Mama akataka mdomo wa sentimita 60, kifuniko cha chuma chenye bawaba, na kufuli. "Nina wajukuu watatu. Na ufunguo ukae kwangu, si kwa mzee. Mzee atawapa maji wapita njia wote." Ndivyo lilivyo. Chuma, wavu na bawaba vimegharimu rupia 2,600.

Matundu ya kuingizia maji ni matatu, kila moja na wavu, na mbele yake kishimo cha kutuliza mchanga. La nne ni la kumwagia ziada, kwenye upande ulioinama.

Uwanja umesawazishwa kwa trekta, ukainamishwa kuelekea katikati kwa sentimita 36 kutoka ukingo hadi tangi. Tulipima kwa mpira wa maji. Moramu ukatandikwa na kushindiliwa, rupia 6,500. Hapa tulibanwa na ukavu: moramu hushikana ukiwa na unyevu, nasi hatukuwa na maji ya kulowesha mita za mraba 440. Tuliunyunyizia kidogo, tukauzungusha kwa trekta, ukaonekana umeshika. Uzio tuliuahirisha mpaka baada ya kupanda, kwa kuwa mvua za kawaida hazifiki kabla ya Julai.

21 Juni 2023: Biparjoy

Mvua haikungoja Julai. Kimbunga Biparjoy kilipiga pwani ya Gujarat tarehe 15, na badala ya kufia huko kikaja juu ya jangwa. Barmer na Jalore zimefurika. Kwetu ilinyesha tangu tarehe 16, mfululizo, kwa upepo.

Tanka lilishika maji ya mita 1.9, zaidi ya lita 13,000. Halivuji. Nililipima kwa fimbo jioni na asubuhi baada ya mvua kukatika, na alama haikusogea. Hiyo ndiyo habari njema. Maji yenyewe yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na juu yake punje nyeusi zikielea. Kundi la kondoo la wafugaji waliokuwa wakipita lilikuwa limelala uwanjani usiku wa kabla ya mvua, kwa vile hapakuwa na uzio. Wavu ulizuia majani, haukuzuia samadi iliyoyeyuka. Vile vishimo vya mchanga vilijaa katika saa ya kwanza, na baada ya hapo tope liliingia moja kwa moja. Moramu ulioshindiliwa mkavu ulichimbika mifereji mitatu, mmoja unaingia mguu mzima.

Kijana wa boma alitaka kutia shabu maji yatulie na yanywewe. Shabu hushusha tope. Haiui kilichotoka kwa kondoo. Mama alitaka hata tone lisimwagwe. Tulikubaliana hivi: ng'ombe na mbuzi wanywe maji hayo wiki hizi, yatumike kulowesha uwanja ili ushindiliwe upya, na mabaki yachotwe kwa ndoo, sakafu isuguliwe kabla ya mvua za Julai. Ajabu ni kwamba uwanja ulioloweshwa kwa maji hayo machafu umeshika kuliko tulivyoweza kuushindilia mwanzo. Ningesema sasa kwamba agor ishindiliwe baada ya mvua ya kwanza, na mvua hiyo ya kwanza ihesabiwe kuwa ni ya ujenzi.

Vishimo vya mchanga tumevikuza mara tatu. Kwenye kila tundu kuna kizibo cha mti: mvua ya kwanza ya msimu inaachwa ioshe uwanja, kisha kizibo kinatolewa. Uzio ni wa matawi ya mkunazi mwitu, miiba yake hakuna kondoo anayeijaribu. Haukugharimu kitu ila mikono yetu.

Mjini kila mtu anapanda uwele kabla ya wakati.

6 Agosti 2023: Bei

Tanka limejaa kwa mvua za Julai na kumwaga ziada. Maji ni maangavu. Tumeyachemsha kwa siku za mwanzo, na mama huyachuja kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara mbili, kama wanavyofanya wengi huku.

Hakuna anayezungumzia maji, hata hivyo. Mji mzima unazungumzia jira. Mwezi uliopita Unjha ilipita rupia 60,000 kwa kuintali, bei ambayo madalali wenyewe wanasema hawajapata kuiona. Mavuno yalikuwa madogo na akiba ghalani ilikuwa chache. Mzee aliuza zile kuintali mbili za mwisho karibu na bei hiyo, akakaa kwenye duka la chai akipiga hesabu ya zile nne za Machi. Jirani yake mwenye tanka la zamani la babu yake, na asiye na deni la dalali, aliziweka zote mpaka Julai. Shamba ni lile lile, mbegu ni ile ile.

Tanka peke yake halimkomboi mtu. Jirani ana pia mtoto anayefanya kazi dukani Surat na kutuma pesa, na nyumba nyingi za hapa zinategemea mtu wa namna hiyo. Lakini rupia 9,000 za maboza kati ya Aprili na Julai ni pesa inayodaiwa mkononi, wakati ule ule mkulima anapokuwa na zao ghalani na mfuko mtupu. Dalali hukopesha, na anayekopesha ndiye anayenunua.

Kuna sababu nyingine ya kila boma kutaka tanka lake, nayo haisemwi sana mbele ya mgeni. Kwenye mabwawa na visima vya zamani tabaka la kuzaliwa la mtu liliamua nani achote wapi na nani angoje kumiminiwa. Kibarua wetu mmoja aliniambia kwamba baba yake alichimba shimo lake kwa mikono miaka mingi iliyopita kwa sababu hiyo tu, na hakuongeza neno.

2 Oktoba 2023: Ukame katikati ya mvua

Agosti haikunyesha. India nzima haikuwa imepata Agosti kavu kama hii tangu kumbukumbu zianze mwaka 1901. Uwele uliopandwa mapema baada ya Biparjoy ulikuwa umeshatoa masuke, ukanusurika nusu. Uliopandwa Julai uliungua ukiwa magotini. Guar ilivumilia. Mvua ilirudi Septemba, ikajaza tanka hadi tundu la ziada, na ikawapa watu unyevu wa kuandaa mashamba ya jira.

Matengenezo: ufa mwembamba kati ya mabamba mawili ya paa, umezibwa. Mchwa kwenye uzio. Hakuna zaidi.

3 Desemba 2023: Arusi, kura, jira

Matumizi yameruka. Mpwa wa mzee ameolewa mwishoni mwa Novemba, na wageni walinywa maji ya tanka kwa siku kadhaa kwa sababu mama hakutaka aibu ya maji ya chumvi. Uchaguzi wa jimbo wenyewe ulisogezwa kutoka tarehe 23 hadi 25 Novemba kwa vile siku ya kwanza ilikuwa ya arusi nyingi mno. Fimbo ilishuka kwa sentimita 20 zaidi ya makadirio, ambazo ni lita 1,400. Tanka la mita 3 ni rahisi kulihesabu: kila sentimita 10 ni lita 700.

Kila mtu amepanda jira. Kila mtu. Mashamba yaliyokuwa ya haradali, hata vipande vya mchanga vilivyokuwa vya malisho. Pampu zinanguruma usiku, saa ambazo umeme wa shamba hutolewa, na maji ya chini yanazidi kushuka. Kule Mathania, njia ya kwenda Jodhpur, pilipili nyekundu iliyowapa jina ilipungua sana visima vilipoanza kukauka na kuingia chumvi. Nilimtajia mzee. Akasema, "Najua. Nililima hiyo pilipili."

14 Aprili 2024: Hesabu ya mwaka

Jumla ya ujenzi, pamoja na ujira wa fundi na msaidizi rupia 19,000, maji ya kujengea 2,400 na kurudia lipu, ni rupia 79,660. Hizo ni kama shilingi milioni 2.3. Kwa kuokoa maboza tu, tanka litachukua miaka minane au tisa kujilipa, na asiyetaka kudanganywa aanze na hesabu hiyo.

Mwaka huu familia haijanunua boza hata moja. Jira waliyovuna Machi imo yote ghalani. Bei nayo, kama mzee alivyohofia Desemba, imeanguka chini ya nusu ya ile ya Julai, kwa kuwa Rajasthan na Gujarat zote zilipanda. Dalali amekuja mara kadhaa kunywa chai. Mzee anasema atangoja mpaka mvua zianze. Kijana wake anataka wauze sasa, kabla haijashuka tena. Hawajaelewana.

Fimbo leo inasoma sentimita 88: lita 6,200 na kidogo, siku 88 kwa matumizi ya kawaida. Hiyo inafika kati ya Julai. Kabla ya hapo, mwezi wa Juni, tutakwangua na kushindilia tena robo ya uwanja upande wa kaskazini, ambako njia ya sisimizi imefungua moramu. Makadirio ni rupia 1,500.

Jirani wa mashariki ameanza kuchimba lake, kipenyo mita 4. Nimemshauri asogee mbali na zizi la mbuzi, auweke uzio kabla ya kutandika moramu, na fundi akija na ndoo ya maji ya kujengea, aionje mwenyewe.